Zana za Kiebrania na Kigiriki Zikikupa Majibu ya Ajabu: Dalili, Chanzo na Tiba

Mtu asiyejua Kiebrania wala Kigiriki anaweza kunufaika sana na zana za lugha hizo mbili: konkodansi yenye namba (orodha ya mistari yote ambamo neno linatokea), kamusi, na Biblia ya intalinia, yaani ile inayopanga maneno ya asili mstarini na kuweka maana fupi chini ya kila moja. Shida ni kwamba zana hizi zikikwama hazikuambii kuwa zimekwama. Zinakupa jibu, na jibu lenyewe ndilo bovu.

Kwa hiyo ukikutana na jambo lisiloeleweka, anza kwa kujua tatizo liko ngazi gani. Huenda ni herufi tu. Huenda uko kwenye mstari usio wako, au unatazama andiko tofauti na lile lililofasiriwa. Huenda ni umbo la neno. Maana iwe ya mwisho kushukiwa, kwa sababu ukiikimbilia mapema utapoteza jioni nzima ukichimba neno ambalo halimo hata kwenye mstari unaousoma. Nitapita haraka kwenye ngazi za chini, kisha nitulie kwenye zile za juu, ambako ndiko mahubiri mengi yanakoharibikia.

Visanduku vitupu, herufi zilizogeuka, utafutaji usioleta kitu

Visanduku vitupu mahali pa Kiebrania ni suala la fonti. Weka yenye konsonanti na alama za irabu pia, kama SBL Hebrew, Ezra SIL au Cardo. Ukiona herufi za Kilatini zisizosomeka, mfano "agaph" mahali ulipotarajia ἀγάπη, faili hilo liliandikwa zamani kwa fonti isiyofuata Unicode, mfumo wa pamoja wa herufi za kompyuta, ambamo herufi h ilivalishwa umbo la eta (η). Usihangaike nalo, tafuta nakala mpya ya andiko. Na ukinakili Kiebrania kwenye programu ya kuandikia maneno yakajipanga kinyumenyume, aya hiyo bado inasoma kutoka kushoto. Ielekeze isome kutoka kulia.

Ukibandika neno kwenye sehemu ya kutafutia na matokeo yakawa sifuri, shuku nukta. Maandishi ya Kiebrania yaliyotujia kwa waandishi wa Kimasora, Wayahudi waliolihifadhi andiko hilo, yana alama za irabu na tena alama za kuimbia, na neno lililobeba zote mbili halifanani tena na neno la kamusi. Futa alama, acha konsonanti. Kwa Kigiriki jaribu bila alama za mkazo, na ukumbuke sigma ina sura mbili: σ ndani ya neno, ς mwishoni.

Kutafuta kwa herufi zetu za Kilatini nako kuna mtego. Neno moja utalikuta kama hesed, chesed, khesed, na katika kamusi ya Strong, inayolipa kila neno namba, limeandikwa "checed". Msomaji wa Kiswahili huitamka ch hiyo kama ya "chakula", kumbe inasimamia sauti iliyo karibu na kh ya "kheri", na c ya katikati ni s. Acha tahajia, tafuta kwa namba: H2617.

Sauti zilizorekodiwa zikitofautiana, moja ikisema "agape" na nyingine "agapi", usishtuke. Moja ni matamshi ya darasani yanayohusishwa na Erasmus, msomi wa karne ya 16, nyingine ni ya Kigiriki cha leo. Maana haiguswi.

Namba imekupeleka kwa neno lisilohusika

James Strong alichapisha konkodansi yake mwaka 1890. Kila neno la msingi alilipa namba: Kiebrania kinafika 8674, Kigiriki 5624. Orodha hizo mbili zote zinaanza na 1, kwa hiyo namba isiyo na herufi mbele yake, H ya Kiebrania au G ya Kigiriki, haina maana yoyote. Andika 26 peke yake na unaweza kupewa H26, ambalo ni jina Abigaili, wakati ulitaka G26, agapē. Hiki ndicho chanzo cha kwanza cha kuangalia, na mara nyingi huna haja ya kwenda zaidi.

Chanzo cha pili ni kuchanganya mifumo. Goodrick na Kohlenberger walitengeneza namba zao kwa ajili ya tafsiri ya Kiingereza ya NIV, nazo hazilingani na za Strong. Ukichukua namba kwenye kitabu cha mfumo mmoja ukaitafuta kwenye programu ya mfumo mwingine, mara nyingi utaangukia neno la jirani kialfabeti. Neno linaloanza na herufi ileile lakini halina maana yoyote kwenye mstari wako ni ishara ya hilo.

Katika Danieli 2:4 hadi mwisho wa sura ya 7, sehemu za Ezra, na Yeremia 10:11, lugha si Kiebrania bali ni Kiaramu. Strong aliyaweka maneno hayo katika orodha ileile ya H. Ndiyo maana "mfalme" ana H4428 kwenye Kiebrania na H4430 kwenye Kiaramu, ingawa maneno yanafanana kabisa. Programu haijakosea.

Hesabu za mara ambazo neno limetokea nazo huwatia watu wasiwasi. Strong alitenganisha vipande ambavyo kamusi za leo huviunganisha: eipen, "akasema", kwake ni G2036, ilhali kamusi nyingi huiweka chini ya legō, G3004. Halafu aliruka namba kadhaa za Kigiriki, 2717 na kuanzia 3203 hadi 3302. Usijenge hoja juu ya hesabu.

Mstari wa Kiebrania si mstari wako

Unafungua Mwanzo 32:3, Yakobo anatuma wajumbe kwa Esau. Intalinia inaonyesha kitu kingine. Katika Biblia ya Kiebrania sura ya 32 inaanza mstari mmoja mapema, pale ambapo kwetu bado ni 31:55, kwa hiyo wajumbe wa Esau wako 32:4. Malaki ina sura nne katika Biblia zetu na tatu katika Kiebrania. Yoeli 2:28, ahadi ya kumwagwa kwa Roho, ni Yoeli 3:1. Kwenye Zaburi kichwa chenyewe huhesabiwa kama mstari, na kikiwa kirefu huchukua miwili: Zaburi 51:1 yetu ni 51:3 yao. Zaburi 23 haisogei kwa sababu kichwa chake ni kifupi, kimo ndani ya mstari wa kwanza, ila ukiitafuta katika Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki, itakuwa Zaburi 22.

Programu nyingine hurekebisha zenyewe, nyingine haziligusi jambo hili. Njia ya kuthibitisha ni majina ya watu. Ukijua tu herufi, 22 za Kiebrania na 24 za Kigiriki, utaweza kumtambua Yakobo au Petro kwa macho na kujua uko mahali sahihi. Kujifunza herufi ni kazi ya siku chache, na kwa maoni yangu hakuna hatua nyingine yenye faida kubwa hivyo kwa jasho dogo hivyo.

Neno lililo katika Biblia yako halimo katika Kigiriki ulichofungua

Chukua Ufunuo 22:14. Biblia ya Union Version inasema heri "wazifuao nguo zao". Unafungua zana, unabofya, unakuta poieō, "kufanya", na entolē, "amri". Nguo haimo. Je, wafasiri wa Kiswahili waliota?

Hapana. Strong aliweka namba juu ya King James Version, tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611, na Agano Jipya la tafsiri hiyo linatokana na ukoo wa maandishi ya Kigiriki yaliyochapwa karne ya 16, kuanzia toleo la Erasmus la 1516. Ukoo huo unaitwa Textus Receptus, na ndio unaosema "wazishikao amri zake". Hati nyingine, ambazo matoleo ya kisasa kama Nestle-Aland yanazifuata hapa, zina plunontes tas stolas, "wanaofua mavazi". Sema kwa sauti poiountes tas entolas kisha plunontes tas stolas, utasikia jinsi masikio au macho ya mnakili yalivyoweza kuteleza.

Tiba: kabla hujabofya chochote katika Agano Jipya, angalia zana inatumia andiko gani. Nyingi hukuruhusu kuchagua. TR ni Textus Receptus. NA28 ni toleo la 28 la Nestle-Aland, la mwaka 2012. SBLGNT ni toleo la 2010 linalopatikana bure. Fungua mawili ubavu kwa ubavu. Yakikubaliana, endelea. Yakitofautiana, umepata jibu la fumbo lako, na hapo kamusi haikusaidii kitu, kwa kuwa swali ni la hati. Matendo 8:37 ni hivyohivyo: mstari huo umo kwenye Textus Receptus, kwenye Nestle-Aland umeshushwa kwenye maelezo ya chini.

Tafsiri nyingi za Kiswahili hazijawekewa namba za Strong, na hapo huzaliwa tabia mbaya: mtu huchukua neno la Kiswahili, hulitafutia Kiingereza chake, kisha hutafuta Kigiriki cha neno hilo la Kiingereza. Daraja mbili, na kila moja ina ushuru wake. King James Version hutumia neno moja la Kiingereza mahali ambapo Kigiriki kina hadēs na geenna; Biblia ya Kiswahili imekwisha kuyatenganisha, kuzimu katika Mathayo 16:18 na jehanamu katika Mathayo 5:22. Ukipita kwenye Kiingereza unaupoteza utofauti ambao tayari ulikuwa nao mkononi. Nenda kwa mstari, moja kwa moja kutoka Biblia yako hadi intalinia.

Kamusi inasema "kula", Biblia inasema "kulisha"

Kumbukumbu la Torati 8:3: Mungu "akakulisha kwa mana". Bofya kitenzi hicho, utapata H398, akal, kula. Anayeanza hukwama hapa, au vibaya zaidi, huanza kuhubiri kwamba Mungu alikula pamoja na watu wake jangwani.

Namba inaonyesha kichwa cha neno katika kamusi tu. Haionyeshi umbo lililomo kwenye mstari. Umbo liko kwenye msimbo wa sarufi unaotokea pembeni, ule ambao wengi huuruka kwa kuwa unatisha. Hapa ni Vhw3ms: V ni kitenzi, h ni Hifil, w ni umbo la kusimulia, 3ms ni nafsi ya tatu, kiume, umoja. Hifil kwa kawaida hufanya kazi ya kusababisha. Kula huwa kulisha, kufa huwa kufisha. Msomaji wa Kiingereza huhitaji sura nzima kuelezwa jambo hili. Wewe umelinyonya na maziwa, kwa maana -lisha na -fisha ni mwendo uleule. Hata ule mtindo wa kubeba mtenda, wakati, mtendwa na kitenzi ndani ya neno moja, a-ka-ku-lish-a, Kiebrania kinao hapahapa.

Hiyo w nayo ina ndugu yake kwetu. Mwanzo 1:1, "Mungu aliziumba": kitenzi kiko katika umbo la kawaida la jambo lililotimia. Mwanzo 1:3, "Mungu akasema ... ikawa nuru": vitenzi viwili vya umbo la kusimulia. Li, kisha ka na ka. Mfasiri wa Union Version hakulazimisha chochote. Ukiona w katika msimbo wa kitenzi cha Kiebrania, fikiria -ka- kwanza, na mara nyingi sana utakuwa sawa.

Kwa Kigiriki misimbo inafanana na V-AAI-3S: kitenzi, aoristi (umbo linalolitazama tendo kwa ujumla wake), kauli ya kutenda, hali ya kuarifu, nafsi ya tatu umoja. Andika funguo zake kwenye karatasi uweke ndani ya Biblia.

Kuna mahali ambapo msimbo unakupa kitu ambacho Kiswahili hakiwezi kukionyesha: jinsia. Wimbo Ulio Bora 1:15 na 1:16 zote zinaanza "Tazama, u mzuri", na msomaji wetu hubaki akikisia nani anamwambia nani. Katika Kiebrania wa kwanza anayeambiwa ni mwanamke, yafah, na wa pili ni mwanamume, yafeh. Bofyo moja, mazungumzo yamefunguka. Matumizi ya namna hii ndiyo ninayoyapenda kuliko yote, kwa sababu zana inajibu swali inaloweza kulijibu.

Kinyume chake, miongozo mingi iliyoandikwa kwa Kiingereza husisitiza uchunguze kama "wewe" ni wa umoja au wengi. Luka 22:31-32 ni mfano wao mkubwa. Biblia yako imeshasema: Shetani "amewataka ninyi", lakini "nimekuombea wewe". Hilo halihitaji zana.

Neno moja, maana ishirini, na unachagua iliyo tamu

Fungua ingizo lolote la kamusi ya Strong. Kwanza kuna asili ya neno, kisha maana fupi, halafu baada ya alama ya nukta mbili na kistari kuna orodha ndefu. Watu huisoma orodha hiyo kama orodha ya maana. Sivyo. Ni orodha ya maneno ambayo wafasiri wa King James Version walitumia kulifasiri neno hilo, mahali pote, kwa mazingira yote. Kwa mstari wako mmoja huenda linafaa moja tu kati ya hayo.

Hatari yake inaonekana vizuri kwenye H2617, hesed. Hili ndilo linalorudiwa katika Zaburi 136, "fadhili zake ni za milele", na ndilo lililo katika Hosea 6:6. Sasa soma Mithali 14:34: haki huinua taifa, bali dhambi ni aibu. Bofya "aibu". H2617 tena! Na tena katika Mambo ya Walawi 20:17, kwenye jambo la fedheha. Kuna mtu atasema Waebrania walikuwa na neno lenye fumbo kuu, aibu na fadhili kwa pamoja. Kilichopo ni maneno mawili yanayoandikwa sawa, kama "paa" la nyumba na "paa" wa porini. Strong aliyaweka chini ya namba moja. Kamusi ya Brown, Driver na Briggs inayatenganisha, ya kwanza na ya pili. Kwa hiyo namba ikikuletea maana zinazopingana, ondoka kwenye Strong, ingia kwenye kamusi kubwa zaidi, utafute kama kuna zaidi ya ingizo moja.

Dawa ya jumla ni konkodansi, si kamusi. Itake zana ikuonyeshe mistari yote yenye neno hilo, uanze na ile ya mwandishi uleule, kisha ya kitabu kinachofanana nacho. Soma mistari kumi kwa ukamilifu, kwa Kiswahili. Utajua neno linatembeaje bila kuhitaji orodha.

Maana imetolewa kwenye mzizi wa neno

Dalili: sentensi inayoanza na "neno hili limetokana na..." na kuishia kwenye fundisho. Ekklēsia, G1577, ndiyo maarufu kuliko zote: ek ni "kutoka", kaleō ni "kuita", basi kanisa ni "walioitwa watoke". Strong mwenyewe anataja asili hiyo, na asili ni ya kweli. Lakini fungua Matendo 19. Umati uliochachamaa Efeso, wengi wao wasiojua hata wamekusanyikia nini, unaitwa ekklēsia katika mstari wa 32, na tena wa 41. Kusanyiko halali la mji katika mstari wa 39 nalo ni ekklēsia. Wakati wa Luka neno hilo lilikuwa na maana ya mkutano. Asili yake ilikuwa imelala zamani, kama vile mwanamaji asivyo mtoto wa maji.

Kuna toleo la kinyume, ambapo neno husomwa kwa mjukuu wake. Dunamis katika Warumi 1:16 huhubiriwa kama dinamiti ya Mungu. Alfred Nobel alipata hataza ya dinamiti mwaka 1867. Paulo hangeweza kumaanisha kitu ambacho hakikuwepo, na mlipuko unaobomoa si picha inayofaa pale anaposema uweza wa Mungu uletao wokovu.

Kiebrania kina mizizi ya konsonanti, na hilo huwapa watu uhuru mkubwa kupita kiasi. Lehem ni mkate, milhamah ni vita, konsonanti za msingi ni zilezile l-h-m. Anayetafuta vita ndani ya jina Bethlehemu atavipata, maana mchezo huo haushindwi kamwe.

Mzizi una kazi yake halali: kukusaidia kulipata neno. Kamusi ya Brown, Driver na Briggs imepangwa kwa mizizi, hivyo mizbeah, madhabahu, utaikuta chini ya zabah, kudhabihu, wala si chini ya M. Ukitazama vizuri, madhabahu na dhabihu zetu nazo zina uhusiano huohuo, kwa njia ya Kiarabu.

Hapo kuna mtego unaotuhusu sisi zaidi ya wasomaji wengine. Kiswahili kimepokea kutoka Kiarabu maneno yenye ndugu katika Kiebrania: nafsi na nefesh, roho na ruah, malaika na mal'akh, damu na dam. Undugu huo hutufanya tudhani tunajua. Katika Hesabu 6:6 "maiti" ni nefesh pamoja na neno la kufa. Huwezi kuitafsiri "nafsi" ukaeleweka. Na rudi kwenye Mwanzo 32: malaika wa Mungu waliokutana na Yakobo na wajumbe aliowatuma kwa Esau ni neno moja, mal'akhim. Kigiriki angelos ni hivyohivyo. Waliotumwa na Yohana Mbatizaji katika Luka 7:24 ni angeloi, na hakuna aliyekuwa na mbawa.

Agapē imekuwa fundisho badala ya neno

Kwamba agapē ni upendo wa kiungu na philia ni wa kirafiki, karibu kila mtu amesikia. Ukitumia konkodansi robo saa tu, ukuta huo unabomoka. Baba anampenda Mwana katika Yohana 3:35, kitenzi agapaō. Baba anampenda Mwana katika Yohana 5:20, kitenzi phileō. Watu wakapenda giza katika Yohana 3:19: agapaō. Dema aliyeupenda ulimwengu wa sasa akamwacha Paulo, 2 Timotheo 4:10: agapaō. Na Septuaginta, katika 2 Samweli 13:15, inatumia neno hilohilo kwa alichokihisi Amnoni kwa Tamari, dada yake aliyembaka.

Vipi basi Yohana 21:15-17, ambapo Yesu anauliza mara mbili kwa agapaō na mara ya tatu kwa phileō, naye Petro anajibu phileō tu? Huenda kuna uzito fulani pale. Wapo wasomi wanaoutetea. Lakini katika mistari hiyohiyo Yohana anabadilisha pia kati ya wana-kondoo na kondoo, kati ya vitenzi viwili vya kuchunga, na kati ya viwili vya kujua. Anayejenga kwenye badiliko moja tu kati ya hayo ana deni la kueleza mengine. Ukuu wa upendo wa Mungu unasimama imara katika sentensi za Yohana na Paulo. Hauhitaji kuegemea kwenye kitenzi.

"Aoristi maana yake mara moja tu"

Msimbo wenye A ya aoristi hufanya watu watangaze tendo lililofanyika mara moja na kwisha. Yohana 2:20: hekalu "lilijengwa" kwa miaka arobaini na sita. Kitenzi ni aoristi. Aoristi hulitazama tendo kwa ujumla wake na haisemi lilichukua muda gani. Mstari ndio unaosema muda.

Kamusi mbili hazikubaliani

Angalia miaka. Programu za bure, kama e-Sword, AndBible au Blue Letter Bible, kwa sehemu kubwa hubeba kamusi zilizokwisha muda wa hakimiliki: Thayer ya Kigiriki, toleo la 1889, na Brown, Driver na Briggs, 1906. Ni kazi za heshima. Ila Thayer aliandika kabla mafunjo ya Misri, barua na risiti za watu wa kawaida, hayajachapishwa kwa wingi na kuonyesha kuwa Kigiriki cha Agano Jipya kilikuwa lugha ya mtaani. Ya Kiebrania ilitoka kabla ya uchimbaji wa mji wa kale wa Ugarit ulioanza 1929 na kabla ya magombo ya Bahari ya Chumvi, 1947. Zikigongana na kamusi mpya zaidi, BDAG ya Kigiriki, toleo la tatu la mwaka 2000, au HALOT ya Kiebrania, mpya ipewe nafasi ya kwanza. Ukiwa huna mpya, soma jinsi tafsiri za karibuni zilivyofasiri mstari huo. Wafasiri wake walikuwa na kamusi hizo mezani.

Umepata maana ambayo haimo katika tafsiri yoyote

Hii ni dalili nzito kuliko zote, ingawa yenyewe huja ikiwa imevaa furaha. Kamati za wafasiri zilikuwa na watu waliozeeka wakisoma lugha hizi. Kama Union Version, Habari Njema na tafsiri nyingine tatu hazina ulichokiona, chukulia umekosea hadi ithibitike vingine, na rudi ngazi kwa ngazi: mstari, andiko, umbo, kisha maana. Programu za akili bandia zisikufupishie njia hii. Zinaweza kukupa umbo la kitenzi kwa kujiamini kabisa na likawa la uongo. Linganisha na msimbo wa zana kama STEP Bible au Bible Hub.

Mfano wa kufanyia mazoezi ni Mathayo 28:19. Utasikia kwamba "enendeni" si amri, kwamba Kigiriki kinasema "mkiwa mnakwenda", kwa hiyo Yesu hakumtuma mtu popote. Fungua intalinia. Ni kweli, poreuthentes si amri kwa umbo, ni patisipo ya aoristi, yaani umbo la kitenzi linaloambatana na kitenzi kikuu, na amri yenyewe ni mathēteusate, "wafanyeni wanafunzi". Mwalimu huyo amesoma msimbo vizuri. Alichoacha ni kutafuta mahali pengine ambapo Mathayo anaweka patisipo ya namna hiyo mbele ya amri. Mathayo 2:8, Herode kwa mamajusi: neno lilelile, poreuthentes, kisha amri ya kuuliza habari za mtoto. Je, Herode alimaanisha wakijikuta wako safarini waulize? Mathayo 2:13, malaika kwa Yusufu: patisipo ya kuinuka, kisha amri ya kumchukua mtoto, na Yusufu akaondoka usiku uleule. Katika mpangilio huo patisipo hubeba nguvu ya amri inayoifuata. Sasa soma tena Kiswahili cha Union Version, "enendeni, mkawafanye": amri mbili, ya pili imefungwa kwa ya kwanza kwa -ka-, na mzigo mkubwa ukiwa kwenye kuwafanya wanafunzi.